Kwa nini ulimwengu upo? Kwa nini pasingekuwa tu na "hakuna"?

#1 Mama Pacha
Wakuu, salamu.

Juzi usiku nilikuwa nje na binti yangu wa miaka 9, tunatazama nyota. Akaniuliza nani kaumba vyote hivi, nikamjibu Mungu. Akauliza, "Na asingeumba, kungekuwa na nini?" Nikamwambia kusingekuwa na kitu. Akafikiri kidogo. "Giza?" Nikasema hata giza lisingekuwepo. Akanitazama: "Sasa hiyo isiyo na hata giza, iko wapi?"

Nikakosa la kusema. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sisemi kwa kutia chumvi.

Naomba wenye elimu ya dini na wenye elimu ya sayansi mnisaidie. Sitaki kujua ulimwengu ulianza VIPI, hayo nimeyasoma kidogo. Nataka KWA NINI. Kwa nini kuna chochote? Na tafadhali tusitukanane.

#2 Kipanga
Naweka kambi hapa. Wajuvi njooni.

#3 Msomi wa Usiku
Dada, hili lilishamalizwa zamani. Einstein aligundua kwamba ulimwengu unatanuka. Ukirudisha nyuma unafika kwenye atomu moja iliyolipuka ndani ya anga tupu miaka bilioni 13.8 iliyopita. Huo ndio Mlipuko Mkuu. Hakuna haja ya kumwingiza mtu mwingine yeyote. Mwambie mtoto ukweli.

#4 Darubini
@Msomi wa Usiku, umri umeupatia. Mengine inabidi tuyarekebishe, maana mtoto wa watu atayabeba hadi ukubwani.

Einstein hakugundua kutanuka. Mwaka 1917 milinganyo yake ilimwonyesha ulimwengu usiotulia, akaongeza namba ndani yake ili utulie. Mwanahisabati Friedmann alionyesha mwaka 1922 kwamba unaweza kutanuka, Lemaître akaunganisha hilo na vipimo vya galaksi mwaka 1927, na mwanaastronomia Hubble akachapisha vipimo vyake mwaka 1929. Hata Hubble alikosea kiwango: kwa hesabu yake ulimwengu ungekuwa na miaka kama bilioni 2 tu, yaani mdogo kuliko Dunia yenyewe! Ilichukua miongo kadhaa kuliweka sawa.

Halafu hapakuwa na anga tupu inayosubiri mlipuko. Chukua puto, lichore nukta kwa kalamu, kisha lipulize. Nukta zinaachana ingawa hakuna hata moja inayotembea juu ya mpira; mpira wenyewe ndio unaovutika. Anga nayo hivyo hivyo. Ndiyo maana huwezi kunyoosha kidole ukasema "mlipuko ulitokea kule". Ulitokea kila mahali, na hapo ulipokaa pia.

Na kubwa zaidi: nadharia hii inaanzia kwenye hali ya joto kali na msongamano mkubwa, inaeleza kilichofuata. Kwa nini hali ile ilikuwepo, haisemi. Mama Pacha kauliza kitu ambacho Mlipuko Mkuu haukujaribu kukijibu.

#5 Katekista
Asante Darubini. Niongeze kwamba huyo Lemaître alikuwa padre, tena Mjesuiti (mtawa wa Shirika la Yesu), kutoka Ubelgiji. Ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba vyote vilianzia kwenye kitu kama "atomu ya mwanzo". Mwaka 1951 Papa Pius XII aliitaja sayansi hiyo kama ushuhuda wa uumbaji. Kwa hiyo padre ndiye baba wa nadharia ambayo Msomi anaitumia kumfukuza Mungu.

#6 Tone la Wino
@Katekista #5, padre ndiyo, Mjesuiti hapana. Alisoma kwa Wajesuiti, lakini alikuwa padre wa jimbo. Na hotuba ile ya 1951 haikumfurahisha. Hakutaka nadharia yake itumiwe kuthibitisha Mwanzo sura ya 1, kwa sababu alijua nadharia za kisayansi huja na kurekebishwa, na imani iliyojengwa juu yake ingeyumba nazo.

#7 Katekista
Nimekubali yote mawili, asante kwa masahihisho. Nilifundishwa "Mjesuiti" nami nikaendelea kuwafundisha wengine.

Basi niseme lile ninaloliamini hasa. Watu wengi, na waumini tumo, tunadhani kuumba ni kama kujenga nyumba: fundi anamaliza, anaondoka, nyumba inabaki. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuwaza hivyo. Mfano wake ulikuwa hewa na mwanga wa jua. Hewa haihifadhi mwanga. Jua likiondoka, mwanga unaondoka papo hapo. Kwake, viumbe vyote viko hivyo mbele ya Mungu: kila dakika vinapewa kuwepo. Tena alisema wazi kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo tunalishika kwa imani. Hata ungekuwa wa milele, bado ungehitaji wa kuushikilia.

Kwa hiyo mimi bilioni 13.8 hazinisumbui. Zikiwa bilioni 100, swali la mtoto linabaki pale pale.

Na kuhusu "kabla", Augustino alishasema wakati wenyewe uliumbwa pamoja na ulimwengu. Hapakuwa na "kabla".

#8 Darubini
Hiyo ya wakati hata wanafizikia wengi wangekuelewa.

#9 Ustadhi Mtulivu
Bismillah. Mama Pacha, binti yako Mungu amhifadhi, kauliza swali la wakubwa.

Kwetu, wanazuoni walibishana juu ya hili karne nyingi. Ibn Sina alisema kila kitu tunachokiona kingeweza kuwepo na kingeweza kutokuwepo. Wewe ungeweza usizaliwe. Nyota ile ingeweza isiwake. Kitu cha namna hiyo hakijitoshelezi, kinahitaji cha kukielekeza upande wa kuwepo, na msururu huo lazima uishie kwa Yule ambaye kuwepo kwake ni lazima.

Wanafalsafa wakasema: basi ulimwengu nao ni wa milele, maana kwa nini Mungu achague saa hii badala ya ile, wakati zote zinafanana? Al-Ghazali akawajibu mwaka 1095 kwa mfano wa mtu mwenye njaa na tende mbili mbele yake, zinazofanana kabisa, naye anaweza kuchukua moja tu. Je, atakaa afe njaa kwa kukosa sababu ya kuchagua? Atachukua moja. Hiyo ndiyo maana ya kutaka: uwezo wa kutenga kimoja kati ya vinavyofanana. Karne iliyofuata Ibn Rushd akampinga: mwenye njaa hachagui tende hii dhidi ya ile, anachagua kula dhidi ya kutokula, ndiyo maana yoyote itamfaa. Nimesoma pande zote mbili mara nyingi na bado kila mmoja nikimsoma namwona ana haki.

Ila tuangalie neno letu "kwa nini". Lina mambo mawili ndani. Moja ni sababu: nini kilisababisha? La pili ni lengo: ili iwe nini? Kwenye la pili Qur'ani imejibu, sura ya 51 aya ya 56: majini na watu wameumbwa ili wamwabudu Mola wao. Darubini hawezi kukuletea jibu la namna hiyo kutoka kwenye darubini, wala sidhani anadai kuwa analo.

#10 Darubini
Sidai.

#11 Jicho la Tatu
Ustadhi umesahau 21:30, mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana zikabanduliwa. Mlipuko Mkuu ule pale! Na 51:47 inataja kutanua.

#12 Ustadhi Mtulivu
Sikusahau ndugu yangu. Nilipokuwa kijana nilizitumia sana aya hizo kwa namna hiyo, na watu walishangilia. Siku hizi najizuia. Wafasiri wa zamani walizielewa kwa namna zao bila kuijua nadharia hii, na kesho nadharia ikibadilika sitaki mtu aseme aya imebadilika. Hofu yangu ni ile ile ya padre wa Tone la Wino.

#13 Msomi wa Usiku
Makosa ya #3 nimeyameza, Darubini. Lakini mbona hakuna anayeuliza lililo wazi: kama kila kitu kinahitaji chanzo, Mungu naye aliumbwa na nani?

#14 Sina Upande
Swali hilo hilo nililiuliza darasa la dini nikiwa na miaka 12. Nilichapwa mbele ya wenzangu, nikaambiwa shetani amekaa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa naulizia kwa kupenda, nilitaka kumjua Mungu zaidi. Miaka mingi imepita na bado nakumbuka mistari ya sakafu niliyokuwa naitazama nikisubiri fimbo. Sikurudi tena darasani, wala sijawahi kusema dini ni uongo. Niko katikati tu, na ninaumia ninaposikia mtoto kauliza akanyamazishwa. Mama Pacha, umefanya vema kukubali kwamba hujui.

#15 Ustadhi Mtulivu
Pole sana. Aliyekupiga alikosea. Ipo hadithi sahihi kwamba shetani humjia mtu akiuliza nani kaumba hiki, nani kaumba kile, mpaka amuulize nani kamuumba Mola wako. Basi hapo mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome. Hadithi inakiri kwamba swali litamjia mtu. Haikusema achapwe.

Na jibu kwa Msomi: hatusemi kila kitu kina chanzo. Tunasema kila kinachoweza kutokuwepo kina chanzo. Ni tofauti.

#16 Msomi wa Usiku
Sawa, lakini kwa nini kituo cha mwisho kisiwe ulimwengu wenyewe? Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell alijadiliana redioni na padre Copleston, na msimamo wake ulikuwa huo: ulimwengu upo tu, basi.

#17 Mla Kamusi
Naomba niingilie kwa upande wa lugha, maana binti huyu kagusa kitu ambacho wakubwa wote humu mmekipita.

Tunaposema "hakuna kitu", lile "ku" ni la mahali. Kuna, pana, mna: huku, hapa, humu. Ukikanusha unapata hakuna, hapana, hamna. Mahali pamebaki, kitu ndicho kimeondoka! Ndiyo maana mtoto akauliza "iko wapi?" Sarufi ya mama yake ilimwahidi mahali. Kiswahili hakitupi njia nyepesi ya kutaja ukosefu ambao hata "ku" haimo. Ukisema "utupu", unaona chombo kitupu. Ukisema "ombwe", unaona nafasi iliyonyonywa hewa.

Kwa hiyo kabla hamjabishana kama kitu kinaweza kutoka kwenye "hakuna", kila mmoja aseme "hakuna" yake ni ipi.

#18 Kipanga
Mla Kamusi umenifanya nisome mstari mmoja mara nne. Nimehamishia kambi yangu kwako.

#19 Darubini
@Mla Kamusi #17, hapo hapo ndipo ugomvi wa wanafizikia na wanafalsafa ulipo.

"Hakuna" ya fizikia mara nyingi ni ombwe, na ombwe si tupu. Mwanafizikia Casimir alikokotoa mwaka 1948 kwamba vipande viwili vya metali visivyo na chaji, vikiwekwa karibu sana ndani ya ombwe, vitavutana. Mwaka 1997 nguvu hiyo ikapimwa kwa usahihi. Kwa hiyo ombwe lina tabia, lina nishati, lina kanuni.

Vilenkin alikwenda mbali zaidi mwaka 1982: aliandika jinsi ulimwengu mdogo unavyoweza kuchomoza bila anga wala wakati kutangulia. Hartle na Hawking nao mwaka 1983 walikuja na hesabu ambamo wakati hauna ukingo wa kuanzia, kama vile uso wa mpira usivyo na mwanzo. Ni kazi nzuri sana na nazipenda. Lakini zote zinahitaji kanuni za kwanta, yaani za fizikia ya vitu vidogo kabisa, ziwepo. Ukiuliza kanuni zilitoka wapi, hesabu inanyamaza. "Ku" ya Mla Kamusi imerudi kwa mlango mwingine.

#20 Zamu ya Usiku
Mimi si mwanafizikia, nafanya kazi chumba cha skani ya PET. Nina jambo dogo.

Mgonjwa anachomwa sukari iliyofungwa florini-18. Florini hiyo inatoa positroni, ambayo ni kinyume cha elektroni. Positroni ikisafiri umbali mfupi sana mwilini inakutana na elektroni, na zote mbili zinatoweka, kabisa. Zinabaki miali miwili ya gamma inayokimbia pande mbili zinazotazamana, na mashine inaidaka miali hiyo na kuchora picha. Mgonjwa amelala kimya, hahisi kitu, na ndani yake maada inafutika mamilioni ya mara kwa sekunde. Nimeona picha hizo usiku baada ya usiku.

Siku moja mtaalamu wetu wa fizikia alinieleza kwamba kwa tunavyojua, joto la mwanzo lilizaa maada na antimaada (kinyume cha maada, kama hiyo positroni) karibu sawa kwa sawa. Basi vingefutana vyote, ubaki mwanga tu. Ila kwenye kila jozi kama bilioni moja, kilizidi kipande kimoja cha maada. Sisi sote, nyota zote, ni hicho kilichozidi. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia mikono yangu.

Kwa hiyo hata ndani ya sayansi swali la "kwa nini kuna kitu" lipo.

#21 Darubini
@Zamu ya Usiku, bandiko bora kwenye uzi huu. Na halijajibiwa. Mwaka 1964 Cronin na Fitch walionyesha kwamba maumbile hayatendi sawasawa kwa maada na antimaada, na mwaka 1967 Sakharov akaorodhesha masharti ya kupata ziada hiyo. Lakini tofauti tunayoipima hadi leo ni ndogo mno kutosheleza. Sijui mtu yeyote mwenye jibu lililokubalika.

#22 Msomi wa Usiku
Sikulijua hili. Limenigusa pia.

Bado naegemea upande wangu: huenda kuna malimwengu mengi yenye kanuni tofauti, na sisi tumo kwenye ule unaoruhusu uhai, kwa sababu kwingine pasingekuwa na wa kuuliza. Hata Hoyle, mwanzilishi wa Mlipuko Mkuu, aliona jinsi kutengenezwa kwa kaboni ndani ya nyota kunavyotegemea mizani nyembamba.

#23 Tone la Wino
Kaboni sawa, mwaka 1953 alitabiri hali maalumu ya kiini chake, na ikapatikana maabara. Ila mwanzilishi wa Mlipuko Mkuu hapana, jamani! Hoyle alikuwa mpinzani wake mkubwa. Jina alilitoa yeye redioni BBC mwaka 1949, lakini akiutetea ulimwengu usio na mwanzo.

#24 Msomi wa Usiku
Tone la Wino, hivi huwa unalala? Asante.

#25 Katekista
Kuhusu malimwengu mengi: hata yakiwa elfu, nitauliza kwa nini yapo yote elfu.

#26 Msomi wa Usiku
Na mimi nitauliza kwa nini Mungu yupo.

#27 Katekista
Na tutakuwa tumekaa benchi moja, ndugu yangu.

#28 Sina Upande
Kuna waliokataa kukaa benchi hilo. Kwenye Rigveda, maandiko ya kale ya Wahindu, kitabu cha 10, upo wimbo wa uumbaji unaofika mwisho ukisema kwamba aliye juu kabisa ndiye ajuaye haya yalitoka wapi, au huenda naye hajui. Na Buddha alipobanwa aseme kama ulimwengu ni wa milele au la, alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, anayekataa utolewe mpaka ajue aliyeurusha ni nani na upinde ulikuwa wa aina gani. Atakufa kabla hajajibiwa.

Mimi mshale huu siwezi kuuacha. Lakini namwelewa.

#29 Fundi Redio
Nimechelewa. Nina la vitendo kwa Mama Pacha.

Mwaka 1964 wanasayansi Penzias na Wilson kule New Jersey, Marekani, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe. Kila walipoielekeza, mvumo mdogo haukuisha, mchana na usiku. Wakakuta njiwa wameweka kiota ndani. Wakawaondoa njiwa, wakasugua mavi yao, wakaziba maungio. Mvumo uko pale pale. Ulikuwa joto lililosalia tangu ujana wa ulimwengu, mwanga ulioachiliwa miaka kama 380,000 baada ya mwanzo, sasa umepoa hadi digrii 2.7 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Hakuna aliyewahi kuuwazia, na mwaka 1978 wakapata Nobel.

Ukiwa na televisheni ya zamani, ile ya analojia yenye antena, iweke kwenye chaneli isiyo na kituo. Zile chenga, sehemu ndogo yake, inakadiriwa kama asilimia moja, ni mwanga huo. Mwonyeshe binti.

#30 Tone la Wino
Fundi, waliuwazia! Wanafizikia Alpher na Herman walikadiria mwaka 1948 kwamba pangebaki joto la digrii kama 5. Walisahauliwa tu. Na Lemaître aliletewa habari ya ugunduzi huo mwaka 1966, muda mfupi kabla hajafa.

#31 Fundi Redio
Sahihi, narekebisha. Inanifurahisha kwamba mzee yule aliambiwa.

#32 Mama Pacha
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni mno.

Nilimsomea binti #17 kwanza. Akasema, "Kumbe mimi sikukosea, ni maneno." Kisha nikamweleza ya maada iliyozidi. Hiyo aliipenda, akahesabu vidole vyake vyote kimoja kimoja akisema "umezidi, umezidi, umezidi". Jibu langu la Mungu sijaliondoa, naliamini. Nimemwambia kwamba mama anaamini hivyo na bado hajui kila kitu, na kwamba kuuliza si dhambi. @Sina Upande, hilo nililisema kwa ajili yako.

Televisheni ya zamani ilikuwepo stoo. Tumeiwasha. Amekaa mbele ya chenga muda mrefu, ananiuliza nukta ipi ndiyo yenyewe.

#33 Fundi Redio
Huwezi kuitenga kwa macho, zimechanganyika na kelele za vyombo vya umeme, jua na saketi ya televisheni yenyewe. Antena msiichomoe lakini, bila hiyo hampokei chochote kutoka angani.

#34 Mama Pacha
Nilikuwa nimeichomoa! Narudi kuichomeka.